Simu Yako Ipo Mezani na Sijaifungua

Siwema mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi ulipopanda bodaboda kwenda Ngorongo kumuaga bibi yako, ukaniitikia kwa mdomo uliojaa kitumbua, kwa hiyo sizirudii. Sasa ni saa tisa alasiri. Nimefunga kibanda changu cha simu, jambo ambalo Bungu nzima italizungumza mpaka kesho, maana mimi, Injinia wao, sifungi kibanda mchana ila kwa msiba. Msiba hakuna. Kaa, tulia, soma taratibu, na usianze kunicheka mwandiko. Huu ni mwandiko wa kidato cha pili, tena cha pili ambacho sikukimaliza, na mkono huu umezoea bisibisi kuliko kalamu.

Habari za chandarua, ndoo yenye mfuniko, nguo nyeupe kufuliwa peke yake na kutolala na nywele mbichi sizigusi. Hizo amekupa mama yako tangu juzi, na nimjuavyo mimi atakupa tena kesho. Mimi nina jambo moja tu. Ni baya, na linanihusu mimi kuliko linavyokuhusu wewe.

Utauliza mbona sisemi kwa mdomo, mimi niliyeoa kwa mdomo. Nilitaka. Mama yako ndiye aliyekataa. Nilimweleza kila kitu mchana pale jikoni, akaacha kukuna nazi, akanitazama, akasema, "Baba Siwema, mwandikie. Huo mdomo wako haujawahi kuomba radhi bila kuchomekea utani, na mtoto akicheka atadhani si kitu."

Nikamwambia mimi nikitaka kuwa makini naweza.

"Haya, kuwa makini hapa hapa nikuone."

Nikaanza. Sentensi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili nikatia mzaha. Akaokota kifuu akakinyoosha kuelekea mlangoni, na ndiyo maana unasoma barua.

Jambo lenyewe ni hili: yule mwalimu wa mapokezi si mwalimu.

Yule bwana aliyekupigia Jumatatu, mwenye sauti ya upole kama mtangazaji wa redio, aliyekutaja majina yako yote matatu, akakutajia kozi ya uuguzi, namba yako ya mtihani na hata jina la basi, akasema atakupokea na gari stendi ya Lindi ili usihangaike na mabegi: chuo hakimjui. Nimewapigia leo. Na kila alichokijua juu yako hakukipata kwa mganga. Nilimpa mimi baba yako, kwa mkono huu huu.

Simu yako ipo hapa mezani mbele yangu. Uliniachia asubuhi, "Baba, betri imekwisha, iweke kwenye chaji, nitaichukua jioni." Imejaa zamani. Namba yake ya siri naijua, maana mimi ndiye niliyeifufua hiyo simu ilipokufa kioo na mimi ndiye niliyekuwekea hiyo namba. Ndani yake limo jibu la kitu kimoja ninachotaka kukijua leo kuliko chochote duniani: je, umeshamtumia alichokuomba? Ile picha ya kitambulisho? Picha yako? Zile tarakimu zinazoingia kwa meseji? Ni kufungua tu. Tarakimu nne, na nimejua.

Sijaifungua. Kwa nini sijaifungua nitakueleza, lakini inabidi nianzie mbali. Vumilia.

Umekua ukinisikia nikijigamba kuwa nilihama Ngorongo kuja Bungu kufuata umeme na barabara kubwa, kwa sababu kipaji changu kilikuwa hakienei kule bondeni. Nimewasimulia hivyo wateja, nimewasimulia wajomba zako, nimemsimulia hata imamu, msikitini. Uongo. Nilihama kwa sababu watu waliacha kuniletea simu.

Wakati huo wewe unatambaa na unakula udongo ukiachwa. Ngorongo umeme ulikuwa haujafika, na katika kijiji kizima ni mimi niliyekuwa na paneli ya sola na betri mbili za gari. Msimu wa mpunga unaujua: watu wanahamia mashambani, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vyao vya juu ya nguzo, wawinge ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku. Kule chaji utaipata wapi? Kwa hiyo simu zilikuwa zinakusanywa, mtu mmoja anazileta kwa mtumbwi ndani ya ndoo, zinakaa kwangu siku mbili tatu, zinarudi. Sasa mwenye simu yuko dunguni, simu iko kwangu, na mwanawe yuko Dar anapiga kusema mjukuu amezaliwa. Nani apokee? Injinia. Nani asome meseji na kupeleka habari? Injinia. Ndipo ikazuka ile desturi. Unabandika kipande cha gundi ya karatasi mgongoni mwa simu, unaandika jina lako, na chini ya jina unaandika namba ya siri, ili Injinia asipate taabu.

Usicheke. Ilionekana ni akili nyingi sana. Meza yangu ilikuwa na simu thelathini na kitu zimelala kifudifudi, kila moja siri yake iko mgongoni, na hakuna aliyeona ubaya. Mwizi wa simu kule angekimbilia wapi, na maji kila upande?

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kijiji kizima kimelala mezani pangu. Nilijua nani kakosana na mkewe, nani anamdanganya nani kuhusu shamba, nani anasema yuko Ikwiriri kumbe yuko nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Mkuu wa wilaya alikuwa hajui nilichokuwa nakijua. Mwanzoni nilisoma nilichoambiwa nisome. Halafu nikaanza kusoma kwa sababu mchana ni mrefu.

Kulikuwa na Bi Somoe. Wewe humkumbuki. Alikuwa kungwi, na mabinti wote wa upande ule walipovunja ungo walipelekwa kwake kufundwa. Mama yako alifundwa naye, na kama una heshima yoyote, imetoka kule, haikutoka kwangu. Mwanamke mrefu, anatembea kama barabara ni yake. Siku moja simu yake ipo mezani, ikaingia meseji kutoka hospitali kumkumbusha tarehe yake ya kliniki, aende kuchukua dawa. Basi. Dawa za nini haikusema. Msomi angeishia hapo. Mimi wa kidato cha pili nikajaza mwenyewe palipobaki.

Jioni nikaenda kwa kinyozi. Wanaume wamekaa, maongezi yamepoa, na mimi maongezi yakipoa nawashwa. Bi Somoe akapita. Nikasema, "Mnaona mwendo ule? Dawa ndizo zinazomshikilia."

Kinyozi akazima mashine. "Dawa gani?"

Nikanyanyua nyusi, hivi. Mwanangu, wallahi sikutaja ugonjwa wowote. Nyusi zilitaja. Wakaguna wote, na mimi nikajiona mtu mkubwa, nikanyolewa bure.

Wiki haikuisha. Mama mmoja akamtoa binti yake kwa Bi Somoe, akasema shangazi mtu ndiye atakayemfunda. Akafuata wa pili. Wa tatu hakutoa hata sababu. Ikaja harusi, pilau ikapikwa na watu wengine, yeye hakuitwa, wakati hakuna sufuria kubwa iliyowahi kutengwa Ngorongo bila mkono wake.

Asubuhi moja akaja mwenyewe kuchukua simu yake. Hakumtuma mtu. Akaigeuza, akaanza kuibandua ile gundi kwa kucha, polepole, mpaka ikatoka yote.

"Seif, ulimuuliza nani?"

"Nini, shangazi?"

"Dawa zangu. Ulimuuliza nani, akakwambia ni za nini?"

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Ndiyo tabia yangu, nikibanwa nacheka.

Akasema, "Ungeniibia simu, mwanangu, ningenunua nyingine." Akaiviringa ile gundi ikawa kidonge, akaiweka mezani pangu, akaondoka. Kabla ya mavuno alikuwa ameshahamia kwa kaka yake kijijini Ngarambe. Mpunga wake walivuna wengine.

Watu hawakunitukana. Ningeshukuru wangenitukana, matusi nayaweza. Walikuja mmoja mmoja, wakachukua simu zao, wakaanza kubandua gundi palepale mbele yangu. Mzee mmoja alitumia mate. Nikabaki na paneli yangu na betri zangu mbili na jua lote la Mungu, sina cha kuchaji. Ndipo nikagundua ghafla kwamba nataka kufuata umeme.

Nilikwenda Ngarambe baada ya miaka miwili, na doti ya khanga ndani ya mfuko na hotuba kichwani. Nilipofika hotuba yote ilipotea. Nikasema tu, "Shangazi, nimekuja." Akanitazama, akasema, "Kula kwanza." Akanipa ugali na kisamvu. Khanga akaipokea. Msamaha hakunipa wala hakuninyima, na mimi sikuudai. Alikufa mwaka uliofuata. Mpaka leo sijui zile dawa zilikuwa za nini. Kuna jamaa aliwahi kutaka kuniambia, anayejua, nikamkatisha. Kutotaka kujua ni kazi, usione hivi, hasa kwa mtu mwenye masikio kama yangu.

Sasa ungedhani aliyepita hapo amekoma. Nilikoma, lakini nilikoma kwa siri za watu wengine. Za mwanangu sikuziita siri, niliziita furaha yangu.

Siku ile barua ya chuo ilipofika, ulikuwa umeenda dukani. Niliifungua mimi. Hilo la kwanza, barua yenye jina lako nimeifungua mimi. Nikaona umechaguliwa uuguzi. Binti wa Seif, Seif aliyefukuzwa kidato cha pili kwa kutengeneza redio ya mwalimu mkuu ikawa inapiga kelele tu! Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikapiga picha ukurasa wa kwanza. Nikapiga wa pili. Baadaye ulipojaza ile fomu, ukaiacha mezani ikauke wino, nikapiga na fomu. Nikaweka stetasi, halafu nikaweka kwenye lile kundi langu la wasapu la wateja wa chaji, lenye watu zaidi ya mia mbili, nusu yao siwajui sura, maana kiungo cha kujiunga nimekibandika ukutani kwenye kibanda, abiria yeyote anayeshuka kununua muhogo anaweza kuingia.

Nikaandika: "Wenye wivu wajinyonge, nesi amepatikana."

Hebu kumbuka fomu ile ina nini. Majina yako matatu. Tarehe ya kuzaliwa. Picha yako ya pasipoti pembeni. Namba ya simu. Namba ya mtihani. Jina la mama yako. Mtu wa karibu wa kuarifiwa. Na kwa kuwa baba yako hafanyi kitu nusu, wiki iliyopita nikaongeza na siku ya safari na jina la basi, utafikiri naalika watu harusini. Gundi ya karatasi nimekubandika mgongoni, Siwema, tena nimekugeuza ili dunia isome.

Yule bwana alipokupigia, ukaja mbio kuniambia, "Baba, chuo kimenipigia! Watanipokea na gari!" Unakumbuka nilivyofanya? Niliruka. Mtu anayejua kila kitu kuhusu mwanangu nilimwona ni mtu anayemthamini. Nikakwambia mpe chochote anachotaka, usije ukaonekana mshamba. Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia kichwani tangu mchana na kila nikiyarudia yanazidi kunuka.

Leo ulipoondoka nikasema niwapigie chuo, niwashukuru. Nitakuwa mkweli: sikutaka kushukuru, nilitaka watu wanisikie nikishukuru. Kibandani yumo Mzee Mbonde anasubiri spika yake, wamo na vijana wawili wa bodaboda. Nikachukua namba iliyochapwa kwenye barua yenyewe, nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Akapokea mama mmoja. Nikajitambulisha kwa kirefu, mzazi wa Siwema, nashukuru kwa gari.

"Gari gani, baba?"

"La mapokezi. La mwalimu wenu atakayempokea binti yangu stendi ya Lindi."

Akasema, "Baba, sisi hatumpokei mwanafunzi yeyote stendi. Hatuna mwalimu wa hivyo. Mwambie binti yako asimpe huyo mtu kitu, na asipande gari lake."

Nikazima sauti kubwa haraka, nikaweka simu sikioni. Mzee Mbonde akasema, "Injinia, mbona unatunyima? Tulikuwa tunasikiliza wote."

Nikamaliza na yule mama, nikafuta stetasi, nikafuta picha kwenye kundi. Nikatangaza kwa watu, "Jamani, nimezifuta zile picha za mwanangu."

Mzee Mbonde akasema kwa wema kabisa, "Usijali, mimi ninazo. Nilimtumia mpaka shemeji yangu wa Kilwa, amefurahi sana."

Hapo ndipo niliposhusha mlango wa kibanda.

Ngoja. Simu yako inaita.

Imeandika "Mwl. Mapokezi." Inatetemeka juu ya meza inasogea yenyewe kuelekea kwangu, kama panzi. Nimepokea simu za watu maisha yangu yote, Siwema. Mkono umeshanyanyuka wenyewe. Nina maneno ya kumwambia huyu bwana ambayo hayajaandikwa kwenye kamusi yoyote.

Imenyamaza.

Nimeuacha mkono chini. Nikimpokea atajua tumeshajua, atatupa laini na kupotea na vyote alivyonavyo. Na pili, ni simu yako.

Sasa imeingia meseji. Kioo kinaonyesha maneno ya mwanzo tu, "Siwema mbona kimya, ile pic..." na hapo imekatika. Ile picha ipi, mwanangu? Ya kitambulisho? Nyingine? Nimeigeuza kifudifudi. Nimeifunika na sahani. Mama yako amechungulia mlangoni akaniuliza kama simu sasa zinaanguliwa kama mayai.

Siko sawa. Nimekunywa maji kata nzima. Nikiandika, kila bodaboda ninayoisikia ikipita nadhani ni wewe, na nusu yangu inataka ufike sasa hivi, nusu inataka ukawie mpaka nimalize.

Nimewaza sana juu ya huyu mtu, na nimeona kitu kinachonichekesha kwa uchungu. Hakuvunja popote. Hakuwa na mitambo. Alipita tu, akasoma ukutani pangu, kama mimi nilivyosoma migongo ya simu. Ni mimi yule yule wa Ngorongo, ila huyu amevaa sauti nzuri. Ndiyo maana ninamjua. Mtu akikupigia ukasikia anakujua sana, moyo unalainika, unaona haya kumuuliza we nani. Mimi nakuambia muulize. Mwambie nakata, nitapiga mwenyewe namba ya ofisini. Mwenye haki hatakasirika, na akikasirika umeshapata jibu.

Zile tarakimu zinazoingia kwa meseji, zenye maneno ya kukuonya usimpe mtu: mimi nilikuwa nawaambia wateja "nisomee hizo namba" kila siku, nikiwafungulia akaunti zao. Wote walinisomea. Hakuna hata mmoja aliyeninyima, na nilikuwa naona ni heshima. Nikikuomba mimi, ninyime. Hasa mimi, maana nitaomba kwa kelele na kwa undugu.

Na usidhani mimi nimesalimika kwa ujanja wangu. Mwaka juzi nilisajili laini kwa kijana mmoja wa mwavuli pale barabarani. Nikaweka kidole. Akasema, "Hakijasoma, braza, rudia." Nikarudia. "Bado, futa jasho." Nikafuta, nikaweka tena, namtania eti vidole vya injinia vina shoti. Juzi tu nimeangalia laini zilizosajiliwa kwa jina langu nikakuta mbili nisizozijua. Mtu anatembea huko anatumia jina la Seif, na mimi ndiye niliyemfutia jasho kidole. Kesho naenda kuzifungisha. Sikukwambia kwa sababu ningeshuka cheo.

Kuna kitu kingine, na hiki si cha yule bwana. Unakwenda kuwa nesi. Utashika mafaili. Siku moja utamwona mtu wa kwenu huko kwenye foleni, wa Kibiti au wa huku huku Bungu, na utajua amekuja kwa nini. Utarudi likizo, na mimi, nakujua na najijua, nitakaa karibu nawe nitengeneze sura ya kutojali niseme, "Eti fulani nilisikia alikuwa huko kwenu, vipi?" Usinijibu. Wala usinyanyue nyusi.

Sasa ya kesho. Hupandi lile basi, na hilo pekee ndilo sikuulizi. Utasafiri siku nyingine na basi jingine, utachagua wewe na mama yako, na mimi msiniambie mpaka siku yenyewe, maana nimeona yanayotokea nikijua kitu. Ulishasema hutaki nikusindikize kwa sababu naongea sana na abiria. Ni kweli. Akusindikize mama yako, au uende peke yako kama ulivyotaka, akili unayo. Chuo wamesema utashuka stendi, utachukua bajaji mwenyewe mpaka getini. Yule mama wa ofisini atakuwa anakusubiri, jina lake nimeliandika nyuma ya barua ya chuo, na namba ni ile ile iliyochapwa.

Lakini asubuhi, kabla ya yote, nataka twende Kibiti polisi tukaandikishe. Askari atataka namba ya huyu mtu, na atataka kujua amechukua nini kwako. Vyote viwili vimo ndani ya hiyo simu, na vingine vimo ndani ya kichwa chako. Kwa hiyo nakuhitaji. Sina njia nyingine ila kukuomba.

Nikwambie kinachonitisha, halafu nimalize, jua linashuka na umekaribia. Huyo bwana, yuko Lindi au yuko wapi sijui, simwogopi sana. Atakwenda stendi atasubiri basi tupu. Naogopa kwamba umeshamtumia kitu. Pengine kitambulisho, pengine picha ambayo hukuipenda kuituma, akakubembeleza kwa ile sauti, ukatuma kwa sababu baba alisema mpe chochote. Na naogopa kwamba utakaa nacho kimya peke yako, ukienda nacho chuoni, akikupigia usiku na mchana kukutisha nacho, na hutaniambia. Hutaniambia kwa sababu umekua kwenye nyumba ambayo baba yake hucheka. Ukivunja sahani nacheka. Ukilia nacheka. Siku ile ulipoanguka kwenye mashindano ya kaswida niliisimulia kwa watu wiki nzima. Kwa miaka kumi na minane nimekufundisha kwamba jambo likimfikia baba limefika sokoni.

Ningefungua simu, ningejua yote, na wewe ungejua kwamba mambo ni yale yale.

Kama umetuma, umetuma. Huna kosa la kwanza wala la pili, yote mawili nimeyachukua mimi, na nilishayazoea. Hata iwe picha gani, sitaitazama. Askari akitaka kuiona, atapewa askari wa kike, na mimi nitasimama nje kwenye jua. Kama huwezi kumwambia mtu wa nyumba hii, upande wa pili wa karatasi hii sijauandika. Niliuacha kwa makusudi, ingawa maneno ninayo mengi, unanijua. Andika anacho nini. Kama hana kitu, andika hana. Ukitaka kumpa mama yako peke yake, mpe, mimi hamtaniona nikiuliza.

Simu yako ipo chini ya sahani, sijaigusa tangu ile meseji. Badili namba ya siri kabla hujafanya lolote.

Mimi nipo uani, nimechukua mbuzi ya mama yako nakuna nazi, vibaya, kama utakavyosikia. Sitaingia ndani mpaka uniite. Na usipoita, nitakuna mpaka asubuhi.

Baba yako,
Seif